Magari ya Pasaka
Maneno ya wazee wa chama katika hafla ya mwaka ya kuchangia barabara



Tumepewa dakika ishirini, na Katibu ametuonya kwamba wazee wakianza habari za magari hawajui tena breki iko wapi. Tutajitahidi.

Mnajua kwa nini tumeitwa hapa mbele. Vijana wameleta pendekezo kwamba mwakani chama kiandae msafara wa magari ya zamani, upande kutoka Mombo, upite Soni hadi Lushoto, kisha uendelee Magamba na kuishia Mtae. Kila gari lilipe kiingilio, na fedha ziingie kwenye mfuko wa barabara. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema ni njia nzuri ya kuwavuta watu wenye uwezo, na wapo wanaosema ni anasa kuchezea magari kwenye barabara ambayo mama mjamzito anashindwa kupita. Basi wakasema waulizwe wazee, maana wao waliziona mbio zenyewe.

Ni kweli tuliziona. Tulikuwa watoto, wengine wa kufunga ng'ombe, wengine wa darasa la tatu au la nne. Mbio hizo ziliitwa East African Safari, sisi tukisema Safari tu. Zilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tuseme ukweli, mwaka ule wazazi wetu hawakuwa na sherehe yoyote. Milimani kwetu ilikuwa miaka ya matuta, serikali ya kikoloni ikiwalazimisha akina mama kulima matuta kwa jembe la mkono kwenye mteremko, na asiyelima anapelekwa barazani. Bibi zetu wakisikia "mwaka wa Malkia" walikumbuka migongo yao. Kwa hiyo kijana akituambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri, tunamwomba aketi kwanza.

Lakini mwaka 1960 jina la kutawazwa likaondolewa, uhuru ukaja, na mbio zikawa zetu kwa namna fulani. Zilikuwa za nchi tatu. Zikawa zinafanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka ndiyo masika. Wengi wetu ni Waislamu, lakini hakuna mtoto aliyekuwa haijui Pasaka ni lini. Tuliihesabu kwa siku kama tunavyohesabu Idi.

Vijana wanadhani mbio zilikuwa kama wanazoziona kwenye simu, barabara imefungwa, polisi kila kona, helikopta juu. Hapana. Barabara ilikuwa wazi. Dereva wa Safari aliweza kukata kona akakutana na lori la mbao, au ng'ombe, au mama na mzigo wa kuni. Njia nzima ilikuwa kiasi cha kilomita elfu tano kwa siku nne au tano, na usingizi ni wa kuiba. Aliyeshinda si yule aliyekwenda kasi kuliko wote kwenye sehemu moja. Kulikuwa na vituo njiani, kila kituo kina saa yake, na ukichelewa unaandikiwa dakika zako kama deni. Mwisho wa safari mwenye deni dogo ndiye mshindi. Hesabu hiyo ilitupendeza sana, maana hata mtoto aliielewa. Msaidizi wa dereva alikaa na karatasi na saa akimsomea njia, na baadhi yetu tulitamani kuwa huyo kuliko dereva.

Njia ya upande wetu ilipoletwa Usambara, gari lilisikika kabla ya kuonekana. Linapanda kutoka Mombo, sauti inagonga upande huu wa bonde na kurudi upande ule, inapotea, unafikiri limetumbukia, kisha linatokea juu ya Soni limejaa tope hadi kwenye vioo. Usiku tuliona taa tu zikigeuka geuka mlimani. Udongo wetu mwekundu mnaujua ukilowa, ni sabuni. Madereva waliotoka Ulaya na majina makubwa walifika hapo wakatembea kama sisi tulivyotembea, kwa adabu. Na gari likikwama, wanakijiji walisukuma. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Lilisukumwa likatoka, likaturushia tope, tukashangilia.

Kuna miaka miwili ambayo hata leo wazee wakikutana huitaja. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, na miaka yote miwili walikuwa na Peugeot 404. Hapo katikati, mwaka 1966 na 1967, ikawa zamu yetu. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo pamoja na Chris Rothwell, tena na Peugeot 404. Mtu anaweza kusema Shankland hakuwa Mtanzania wa kuzaliwa. Sisi hatukujali. Alitoka Dar, basi alikuwa wa kwetu, na Pijo ikawa gari letu. Magari ya waya tuliyotengeneza kwa vyuma vya uzio na magurudumu ya kandambili yote yaliitwa Pijo.

Mwingine aliyependwa ni Joginder Singh wa Kenya. Yeye alikuwa fundi. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo ambayo ilikwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia, yaani mtumba. Akaja kushinda tena 1974 na 1976. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa machoni petu, kuliko ushindi wenyewe. Alijua gari linaumia wapi, akalipumzisha kabla halijalia. Dereva wa basi la kwetu akikata kona vizuri abiria walimwita Joginda, na akikata vibaya walimwita hivyohivyo kwa dhihaka.

Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam, na mwaka huo Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort yake akawa mtu wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Wazee wa wakati ule walisikitika kama vile mgeni ameoa binti wa mjini. Mwaka uliofuata ikawa vita ya Datsun kwa Datsun: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza deni sawasawa, ikabidi watazame nani alikwenda mbali zaidi bila kuandikiwa dakika. Mehta akapewa. Tulibishana mwezi mzima.

Halafu basi. Uganda ya Amin ilikuwa imeharibika. Mafuta yakapanda bei duniani, na kwetu ikafika mahali magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri. Katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Wenzetu Kenya waliendelea nayo katika ubingwa wa dunia, ikatoka 2002, ikarudi 2021 pale Naivasha. Tangu 2003 kuna pia mbio za magari ya zamani ambazo zimewahi kuvuka mpaka kuja Tanzania. Mambo mazuri. Lakini mtoto wa leo wa Mlalo au Bumbuli hana Pasaka yake ya kuhesabu.

Sasa tumefika penyewe. Tulipokaa kuandika maneno haya tulijiuliza tunachokikosa ni kitu gani hasa. Magari? Kidogo. Kelele ile, ndiyo. Lakini mmoja wetu alisema jambo ambalo wote tulinyamaza nalo: kwamba siku zile mtu mwenye kalamu Nairobi na Dar es Salaam alikuwa na sababu ya kujua kama barabara yetu inapitika. Jina la Lushoto lilikuwa kwenye karatasi ya njia. Kabla ya mbio kulikuwa na watu wanaokuja kuitazama, wanapima maili, wanaandika "hapa kuna daraja, hapa kuna kona kali". Leo karatasi hiyo haipo, na barabara ya pembeni inaweza kukatika masika yote bila mtu wa mbali kujua, isipokuwa mwenye kabichi zake.

Na kabichi hazisubiri. Wote mlioko hapa mmelelewa na mboga. Karoti, viazi, hoho, nyanya, matundadamu, vyote hivi hupanda gari jioni ili vifike soko la Dar es Salaam alfajiri. Lami ya Mombo hadi Lushoto, kilomita thelathini na kitu, imesaidia sana. Shida iko kabla ya lami, kule ambako mzigo unatoka shambani kichwani au kwa bodaboda. Karavati likiziba, maji yanageuza barabara kuwa mto, usiku mmoja tu upana wa gari umekwenda bondeni. Kesho yake mwenye Fuso anasema hashuki huko, au anashuka kwa bei yake. Mkulima anauza kwa anayemkuta. Na mgonjwa anabebwa kwa machela hadi pale gari lilipoishia, kama alivyobebwa babu yake.

Adui wa barabara ya mlimani ni maji, wala si magari. Wahandisi watasema kwa maneno yao, sisi tunasema tulivyoona. Barabara inatakiwa iwe na mgongo ili maji yaende pembeni. Pembeni kuwe na mtaro. Mtaro usikimbie mbali sana bila karavati la kuyavusha maji upande wa pili, na pale yanapotokea kuwe na mawe, la sivyo yatachimba shamba la mtu na kesho atalifukia karavati kwa hasira, na hatutamlaumu. Kwenye kona kali piga zege mistari miwili ya magurudumu. Ukingoni panda guatemala au mabingobingo, ng'ombe wapate majani na udongo ushikwe. Greda likipita peke yake bila haya, linalainisha udongo ili mvua iuchukue kwa urahisi zaidi. Tumeona greda likipita Februari na barabara ikiondoka Aprili.

Kwa hiyo kuhusu msafara wa vijana, sisi wazee tunasema ufanyike. Tumesikia hoja ya anasa na tunaiheshimu, ila mtu mwenye Pijo 504 iliyotunzwa Masaki au Oysterbay hatatoa hela kwa kusomewa ripoti. Atatoa akiwa amepanda Soni na gari lake, amesimama anapoza injini, ameona kwa macho mtaro uliobomoka. Lakini tuna masharti, na tunaomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Usifanyike siku ya soko, iwe Soni au kwingine njiani. Usifanyike masika, hata kama masika ndiyo raha yenyewe ya Safari. Sisi hatuna tope la kuwagawia matajiri. Yasiwe mashindano ya kasi hata kidogo. Siku zile kuku na mbuzi walikufa na hakuna aliyelipa, na watoto tulisimama ukingoni mwa kona mahali ambapo leo tukimwona mjukuu tunampigia kelele. Wahesabu dakika kama zamani kama wanataka mchezo, ila mwenye kuwahi kituo aandikiwe deni sawa na aliyechelewa, hapo hakuna atakayekimbia. Magari yasiishie kwenye lami. Yashuke angalau kipande kimoja cha barabara tunayotaka kuitengeneza, tena likiwamo gari la mgeni rasmi. Na kiingilio kilipwe kabla, kwa risiti ya chama, kiwekwe kwenye akaunti ya barabara ambayo haina kazi nyingine.

Fedha za usiku huu ni jambo tofauti na msafara, hazisubiri mwakani. Kamati imechagua makaravati matatu ya kuanzia, kwenye kipande kinachokwenda zahanati. Mchoro umebandikwa ukutani pale karibu na meza ya chai, na wenzetu wa kijijini wamekubali kukusanya mawe na mchanga na kutoa nguvu zao siku mbili kwa wiki. Wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, atashirikishwa ili kazi isije ikavunjwa kwa kukosa vipimo. Linalobaki ni saruji, nondo, mabomba, na ujira wa fundi. Lazima vifike kabla ya mvua za vuli, maana zege haliwezi kukauka ndani ya mto.

Mhazini amekaa mlangoni na daftari lake, na vijana wana namba za kutumia simu. Atakayeahidi aandike jina na tarehe. Yule atakayemaliza ahadi yake kwa wakati hatutamwandikia dakika.

Katibu, tumebakiza dakika ngapi?