Amepata Ngapi? Exetat, Alama za Chini na Njia ya Chuo Kikuu

Mhadhara wa umma kwa wazazi, walimu na wafinalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari) wa Kapanga



Ninyi mnaijua siku ya matokeo kuliko mimi. Simu inalia, ujumbe unaingia, mama anapiga kigelegele, na kabla mtoto hajatoka uani amekwisha kumwagiwa poda kuanzia nywele hadi mabegani. Anapita barabarani mweupe kama aliyetoka kwenye unga, watoto wadogo wanamfuata, na kila anayemwona anajua kwamba amekuwa na diploma ya Serikali. Kisha mjomba anauliza: “Amepata ngapi?” Mtoto akisema asilimia 68, shangwe inaongezeka. Akisema 52, watu wanatazama chini, na mtu anajibu kwa ajili yake: “Si haba, amepita.”

Leo ninazungumza juu ya huyo wa 52. Je, chuo kikuu ni chake? Ninasema ni chake, kwa sheria na kwa uwezo pia. Kinachokosekana ni daraja kati ya shule aliyotoka na darasa anakokwenda, na kulijenga daraja hilo ni kazi yetu watu wazima. Sitamwachia mtoto peke yake.

Alama inapima nini?

Mtihani wa taifa, yaani Exetat, ulianza mwaka 1967. Kabla ya hapo kila shule ilitoa cheti chake, na cheti cha shule ya misheni hakikulingana na cha shule ya jirani. Serikali ilitaka mtoto wa Kapanga na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Nia hiyo ilikuwa njema, na mpaka leo ninaitetea. Bila Exetat, mtoto wa mtu asiye na jina asingekuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mwenye nguvu.

Lakini tuangalie kipimo chenyewe. Kwanza kuna insha ya Kifaransa na mitihani ya mdomo na ya vitendo. Kisha zinakuja siku nne za maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo wa mtahiniwa. Karibu yote ni kwa Kifaransa. Mtoto wa Musumba, hapa kwetu Kapanga, huzungumza Kiruund na bibi yake, Kiswahili sokoni, na Kifaransa anakutana nacho ubaoni, kwa mwalimu ambaye mara nyingi ndiye mwenye kitabu peke yake darasani. Anapokosea swali la fizikia, hatujui kama ameshindwa fizikia au ameshindwa sentensi.

Nimefundisha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kwa muda mrefu, na kuna binti mmoja ambaye nilimkumbuka nilipokuwa nikiandaa mhadhara huu. Alitoka kijiji cha kando ya mto Lulua, na diploma yake ilikuwa ya hamsini na kitu. Siku ya kwanza ya maabara alifungua daftari lake la sekondari. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa hadubini, umechorwa kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mistari kwa rula, kila sehemu imeandikwa jina lake, bila kosa hata moja. Nilipomwita aje atazame, akasimama mbele ya mashine asijue jicho liwekwe wapi. Kwa miaka mingi alikuwa amejifunza hadubini bila kuiona. Kufikia mwisho wa mwaka wenzake walikuwa wanamwita awasaidie kuandaa vioo vyao. Akili yake haikuwa imebadilika. Alikuwa amepata kifaa mkononi.

Simwambii mtu kwamba alama hazina maana. Wapo waliopata 51 kwa sababu hawakusoma, na wanajijua. Wapo pia wenye alama kubwa zilizopatikana kwa majibu ya kuibwa au kwa fedha ya baba, na hao huanguka mwaka wa kwanza kwa kishindo. Ninachosema ni kwamba namba moja inabeba mambo mengi: bidii ya mtoto, mshahara wa mwalimu uliochelewa, barabara iliyokatika wakati wa mvua, shamba la muhogo lililomwita binti kila jioni. Anayeisoma kama kipimo cha akili peke yake ameisoma vibaya.

Sisi watu wa Lualaba tunajua habari ya asilimia kwa sababu ya shaba. Mwamba hupimwa, na wenye madini kidogo hutupwa. Kwa miaka mingi mitambo ya Kolwezi ilimwaga mabaki yake Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, yakahesabiwa kuwa takataka. Leo kampuni ya Metalkol inayachimbua mabaki yaleyale na kutoa humo shaba na kobalti. Mchanga ni uleule uliotupwa na baba zetu. Kilichobadilika ni mtambo wa kuusafisha. Ikiwa tumeweza kuwa na subira hiyo kwa mchanga, tuwe nayo kwa watoto wetu.

Chuo kilianza na daraja

Hili la daraja si wazo geni lililotoka ng'ambo. Mwanasiasa Moïse Tshombe alizaliwa hapa Musumba tarehe 10 Novemba 1919, akasoma katika shule ya Wamethodisti, akajifunza uhasibu. Mtu anaweza kumpenda au kumlaumu kwa siasa zake, na mjadala huo bado haujaisha Kongo. Mimi nataka jambo moja tu kutoka katika maisha yake: alipofika umri wa kwenda chuo kikuu, hakukuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Kongo nzima. Kilichomzuia kijana Mkongo wakati ule hakikuwa asilimia. Ilikuwa siasa ya mkoloni. Ndiyo maana siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada wangeweza kukaa wote katika darasa moja.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, waliokiongoza walijua kwamba shule za sekondari za Waafrika zilikuwa zimebanwa makusudi. Kwa hiyo waliweka darasa la maandalizi kabla ya masomo yenyewe. Mwaka uliofuata ulianzishwa Chuo Kikuu rasmi cha Élisabethville, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vikatenganishwa tena mwaka 1981, na baadaye kutoka tawi la Lubumbashi kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kolwezi. Katika safari hiyo ndefu, mwaka wa maandalizi umebaki hapa na pale tu, hasa kwa wanaotaka uhandisi. Mtoto wa shule isiyo na maabara anaingizwa darasa moja na mtoto wa shule kubwa ya mjini, na mwezi wa tatu tunamwambia hafai.

Jirani zetu wamejaribu njia zao. Novemba 1974, chama cha TANU kilipokutana Musoma, Tanzania iliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, na waliokuwa kazini wakafunguliwa mlango. Mwaka 1992 ikaanzisha kwa sheria Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kozi ya msingi kwa wasiotimiza masharti ya kuingia moja kwa moja. Makerere, nchini Uganda, ina mtihani wa kuingia kwa watu waliotimiza miaka 25. Kenya imeweka C+ kuwa alama ya chini ya kuingilia shahada, lakini aliye chini ya hapo anaweza kuanza na stashahada na kupanda ngazi. Kila nchi imekubali kwamba mtihani wa siku chache za ujana usiwe hukumu ya maisha.

Njia zilizopo leo

Sasa nizungumze na wafinalisti, na wazazi msikilize.

Diploma ya Serikali yenye 50 ni diploma kamili. Sheria haina diploma nusu. Vitivo vingine, hasa udaktari na uhandisi, huweka kima cha juu zaidi au huitisha mtihani wa kuingia. Palipo na mtihani wa kuingia, usiogope: hapo ndipo mahali pa kuonyesha kile ambacho karatasi yako haikuonyesha. Uliza mapema unahusu masomo gani, ukajiandae.

Zaidi ya asilimia, angalia mchepuo. Katika vijiji vyetu shule nyingi zina mchepuo wa ualimu tu, kwa kuwa hauhitaji maabara wala karakana. Mtoto anaingia humo akiwa na miaka 14 au 15 bila mtu kumwambia kwamba huenda anajifungia njia ya udaktari au ya uhandisi. Nimeona wengi wakililia asilimia, kumbe kizuizi kilikuwa mchepuo. Wazazi, swali la kumuuliza mwalimu mkuu mwanzoni mwa humanite, yaani sekondari ya juu, ni hili: mchepuo huu unafungua vitivo gani? Ukilisubiri mpaka siku ya poda, umechelewa.

Aliyekwisha kupita na mchepuo usiomfaa anaweza kurudia Exetat akiwa mtahiniwa anayejisomea, baada ya kufaulu jaribio la awali. Ni mwaka mmoja wa kujinyima, lakini nauhesabu kuwa mwaka wa faida.

Taasisi za juu nazo msizidharau. Taasisi ya juu ya ualimu, ya ufundi wa tiba, ya ufundi wa mitambo: hizi ni elimu ya juu kamili. Kapanga inahitaji wauguzi, wakunga, walimu wa hisabati na mafundi umeme kabla ya kuhitaji mawakili zaidi. Na tangu vyuo vyetu vilipoingia mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), mwaka una krediti 60, na krediti uliyoipata ni yako. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuchechemea ana nafasi kubwa zaidi ya kupanda hatua kwa hatua kuliko zamani, ambapo kuanguka masomo machache kungeweza kumrudisha mwaka mzima.

Baba na mama, neno juu ya mabinti. Mvulana wa 52 mnamtafutia nauli ya Kolwezi. Msichana wa 52 mnamwambia diploma inatosha, sasa aolewe. Mkifanya hivyo mnawapima kwa mizani mbili, na ile ya binti mmeifunga kabla hajapanda.

Na huyo mvulana mnayemtafutia nauli, akifika Kolwezi akakosa chuo, anajua pa kwenda. Wenzake wako mashimoni wakichimba kobalti. Juni 2019 makumi ya wachimbaji walifukiwa na udongo katika mgodi mmoja wa pale. Mlango wa chuo ukifungwa, shimo halimwulizi mtu amepata ngapi.

Ombi langu

Daraja linagharimu fedha, na fedha ipo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa ada inayolipwa na kampuni za madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kapanga haina mgodi mkubwa, kwa hiyo ile 15 haiji huku. Lakini ile 25 ni ya jimbo zima la Lualaba, na Kapanga ni Lualaba. Ninaomba sehemu yake ilipe mwaka wa maandalizi kwa vijana wa maeneo yasiyo na migodi: hisabati, Kifaransa cha kusomea, maabara, na malazi. Wafundishwe kwa moyo, kisha wapimwe kwa ukali uleule wanaopimwa nao wenzao. Hatuombi alama za huruma.

Wenzangu wa vyuo vikuu, tuwaulize wanafunzi wapya wametoka shule gani na walikuwa na nini, ndipo tusome asilimia. Kijana aliyepata 54 bila kitabu wala taa ametufanyia kazi kubwa ambayo diploma haiandiki.

Walimu wa Kapanga, kila shule ibandike ukutani orodha ya michepuo na vitivo inavyofungua, na tarehe za mitihani ya kuingia. Karatasi moja tu, iandikwe kwa Kiswahili ili mzazi naye aisome.

Na ninyi wafinalisti: matokeo yakitoka, msijifiche kwa sababu ya namba. Nendeni mkaandikishwe. Mkifika chuoni, semeni siku ya kwanza kile msichokijua, kwa sauti, mbele ya mwalimu, kwa maana mwalimu asiyejua pengo lako hawezi kulijaza. Mimi nitakuwa mmoja wa watakaowasikiliza, na ninawasubiri.