Hisa za Supamaketi na Foleni ya Wadai

Mwaka 2014 hisa za Uchumi, supamaketi za Kenya, ziliorodheshwa pia kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka huohuo Nakumatt, supamaketi nyingine ya Kenya, ilinunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Oktoba 2015 Uchumi ikafunga maduka yake Tanzania na Uganda. Baadaye Nakumatt nayo ikaanguka kwa madeni.

Biashara hii ni ngumu: faida ya supamaketi kwa kila bidhaa ni ndogo mno. Mshindani akishusha bei ya unga wa kilo mbili, nawe unashusha, huku pango, mishahara na umeme wa majokofu havipungui. Wasambazaji wakianza kucheleweshewa malipo, rafu zinabaki wazi. Ukiona hivyo, shtuka.

Kampuni ikifilisika, wadai hulipwa kwanza. Mwenye hisa ni wa mwisho, na mara nyingi hakuti kitu. Tume ya Ushindani nayo haitakuokoa: hukagua miungano mikubwa ya kampuni ili kulinda soko, si gawio lako. Kwa hiyo kabla hujaweka hela uliyopata kwa kuuza mananasi kwenye hisa, muulize dalali mwenye leseni: kampuni hii inadaiwa kiasi gani, na nani?