Jiko la Bruda Laurent



Mada yangu nilitoka nayo kwenye kongamano la walimu wa theolojia. Msomi ninayemheshimu sana alisimama akasema kwamba ukaribu wa moja kwa moja na Mungu ni tunda la utulivu, na utulivu ni mali ya wachache. Mama mwenye watoto watano na genge la nyanya, alisema, atosheke na ibada ya Jumapili. Ukumbi ukapiga makofi. Usiku ule sikupata usingizi.

Nashughulika na hoja hii kwa sababu imejivika huruma huku ikimfungia mtu mlango. Inamwambia mchovu kwamba hadaiwi sala ndefu, na papo hapo inamwambia kwamba Mungu hafiki gengeni kwake.

Nilipomtaja Bruda Laurent wa Ufufuko, mtawa aliyepika jikoni Paris, nilijibiwa kwamba mtawa hana ada ya shule ya kulipa. Kweli hana. Basi tuuangalie huo utulivu wake. Nicolas Herman, ndilo jina lake la kuzaliwa, alitoka Lorraine. Alipigana katika Vita vya Miaka 30, akaumia, akabaki akichechemea. Akawa mtumishi wa nyumbani mwenye mikono mizito, akivunja kila alichoshika. Mwaka 1640 akajiunga na Wakarmeli Peku wa Paris, akapewa jiko, kazi ambayo moyo wake haukuipenda hata kidogo, akaifanya kwa miaka kama 15. Miaka 4 mizima aliamini kwamba atapotea milele. Mwenzangu anionyeshe utulivu uko wapi hapo.

Padri Joseph de Beaufort alizungumza naye mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1666, akaandika aliyoyasikia. Maandishi hayo yalichapishwa baada ya bruda kufariki mwaka 1691. Kila Kwaresima huzirudia kurasa zile, na kila mara nashangaa zilivyojaa vitu vya kushikika. Kuna kimanda kinachogeuzwa kikaangoni kwa kumpenda Mungu. Kuna unyasi unaookotwa sakafuni kwa sababu hiyohiyo. Kuna safari ya Burgundy kununua mvinyo: mguu haumruhusu kutembea botini, naye anajiviringisha juu ya mapipa, huku akimwambia Mungu kwamba kazi ile ni yake Yeye. Na kuna ungamo lililo zito kuliko yote: saa zilizotengwa za sala hazikuwa tofauti kwake na saa nyingine. Kengele ilipomrudisha kwenye sufuria, hakuwa ameagana na mtu.

Jiko hilo linawajibu pia vijana wetu wanaoniuliza watalijuaje kusudi la maisha yao, kana kwamba limefichwa mahali wasipokuwapo. Akiwa na miaka 18, Laurent aliona wakati wa baridi mti uliopukutika majani, akatafakari kwamba majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Aliishi zaidi ya nusu karne baada ya hapo bila kupewa kazi kubwa kuliko kupika na kushona makubazi.

Nakiri kwamba hakudharau kanisa wala ratiba ya sala, na kwamba mtu asiyenyamaza kabisa anaweza kusahau anasema na nani. Nimelipima hilo kwa uaminifu. Bado naamini jiko hufundisha kusali kuliko darasa langu.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Saa 10 alfajiri alikuwa ameshawasha kuni, mara nyingi mbichi, na moshi ulipita juu ya pipa la uji alilolikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Nikiwa na miaka saba hivi nililala pale juu ya magunia ya mahindi, nikamsikia anaongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayejibiwa. Nikachungulia, jikoni hamkuwa na mtu mwingine.

“Mama, unaongea na nani?”

“Na mwenye watoto,” akasema, akaonja uji, akaongeza sukari, akaendelea na mazungumzo yake.