Mzazi Anayesema Kiswahili na Huduma za Wilaya ya Shule Marekani

Mada kwa semina ya wazazi na viongozi wa jumuiya



Kuanzia mwaka 2016, kwa miaka kadhaa mfululizo, Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi walitoka kambi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Dzaleka, na walikuja na watoto. Ndiyo maana leo Kiswahili kinasikika katika shule za Louisville, Columbus, Houston na Portland ya Maine. Shule hizo ziko chini ya wilaya za shule, na wilaya ya shule ya hapa haifanani na wilaya tuliyoizoea, yenye mkuu aliyeteuliwa kutoka juu. Mahali pengi hii ni mamlaka inayojitegemea, na kazi yake ni elimu peke yake. Ina bodi ambayo mahali pengi huchaguliwa kwa kura za wakazi, na ina bajeti yake. Sehemu kubwa ya fedha hutoka jimboni na katika kodi ya majengo ya wenyeji. Serikali kuu huchangia kidogo tu. Nchi nzima ina wilaya za aina hii zaidi ya 13,000, na kila moja ina utaratibu wake. Jirani yako aliyeko mji mwingine anaweza kukueleza kweli tupu, na kweli hiyo isikufae wewe.

Jambo ninalotaka tulijadili leo ni moja. Huduma kubwa za shule zimewekwa na sheria, lakini sheria hizo zimemwachia mzazi aombe, akubali au akatae. Sisi tulilelewa kumheshimu mwalimu kwa kumnyamazia. Kambini mzazi aliitwa shuleni mtoto alipokosa, akaenda, akasikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani. Hapa mzazi aliyenyamaza mkutanoni huandikwa kuwa ameelewa na ameridhika. Mwalimu hana nia mbaya. Ndivyo alivyofundishwa kusoma ukimya. Anayeumia ni mtoto.

Tuanze na mlango wa shule. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka Tyler, Texas, ambako wilaya ilikuwa ikidai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto asiye na hati za uhamiaji. Mahakama ilisema mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma ya bure kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ofisi ya usajili inaweza kuomba uthibitisho wa umri, chanjo na makazi, lakini hadhi ya uhamiaji si sharti la kumpokea mtoto. Familia iliyopoteza nyumba na kulazimika kubanana kwa ndugu inalindwa pia na sheria ya mwaka 1987 ya watoto wasio na makazi: mtoto huandikishwa mara moja hata kama karatasi hazijakamilika, na anaweza kubaki katika shule aliyokuwa akisoma na kupewa usafiri. Kila wilaya ina mtu aliyepewa kazi ya kuwashughulikia watoto hao. Litajeni tatizo lenu kwake. Kulala familia mbili katika vyumba viwili si aibu ya kuficha.

Siku ya usajili mtapewa fomu ya lugha ya nyumbani mjaze. Baadhi yetu huandika Kiingereza wakihofia mtoto atarudishwa nyuma. Naomba tabia hiyo ikome. Fomu hiyo ndiyo inayofungua mtihani wa kupima Kiingereza, na mtihani ndio unaomletea mtoto mwalimu wa lugha. Msaada huo una historia ya kupiganiwa: wazazi wa watoto wa Kichina wa San Francisco waliishtaki wilaya yao, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ilisema kwamba kumweka mtoto darasani asikoelewa neno, ukampa vitabu vilevile vya wenzake, si kumpa elimu sawa. Shule inapaswa kumjulisha mzazi kuhusu programu hiyo ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze. Mzazi anaweza kuikataa. Mimi sijaona faida ya kuikataa, na hata ukikataa mtoto ataendelea kupimwa kila mwaka.

Waelezeni walimu pia mtoto alisoma wapi. Aliyetoka Nyarugusu alifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Aliyetoka Kakuma alifuata mtaala wa Kenya na amewahi kufundishwa kwa Kiingereza. Hapa wote wawili hupangiwa darasa kwa umri, na umri wenyewe mara nyingi ni ule wa tarehe 1 Januari ulioandikwa na karani wa kambi. Mtoto aliyeishia darasa la tatu anajikuta katika la nane. Mwalimu asipoambiwa hayo, ataona uzembe mahali palipo na pengo la miaka.

Sasa nifike pale ninapoona watoto wetu wanapotea zaidi. Tangu mwaka 1975 sheria inaitaka kila wilaya imhudumie bure mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21 katika majimbo mengi. Ulemavu hapa si ule wa macho na miguu peke yake. Upo wa kusema, wa kusoma, wa kutulia, wa kukumbuka. Mtoto akithibitishwa kuwa nao, huandikiwa mpango wake binafsi wa elimu, ambao shuleni wanauita IEP. Humo hutajwa malengo, saa za msaada, mtaalamu wa matamshi akihitajika, hata usafiri. Hupitiwa kila mwaka.

Watoto wetu hukosewa kwa njia mbili. Wengine huambiwa wasubiri, wajue Kiingereza kwanza, na miaka inapita. Wengine huwekwa haraka kwenye kundi la walemavu kwa sababu hawajui Kiingereza, au hawakupata mwalimu wa kuwafundisha kusoma. Sheria imekataza hilo la pili waziwazi, na inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoijua pale inapowezekana. Mwenye ushahidi bora kuliko wote ni mama. Je, mtoto huyu alichelewa kusema hata Kibembe au Kifuliru? Akitumwa vitu viwili husahau kimoja? Hadithi ya bibi huweza kuisimulia kwa mpangilio? Kama anatatizika hata katika lugha ya nyumbani, tatizo si Kiingereza, na pelekeni neno hilo shuleni. Nawasihi tusiliite jambo hili wazimu wala laana. Mtoto anayepata msaada akiwa na miaka 6 ana nafasi ambayo wa miaka 15 hana tena.

Ombi liandikwe. Maneno ya mlangoni husahaulika. Inatosha kuandika: “Naomba mtoto wangu, wa darasa la pili, apimwe kama ana ulemavu unaomzuia kujifunza. Natoa ombi hili leo,” kisha tarehe, jina na namba ya simu. Asiyejua Kiingereza aandike Kiswahili. Piga picha barua hiyo kabla ya kuikabidhi. Shule ikikubali itakuletea karatasi ya ridhaa, na ukishaitia saini wilaya ina siku 60 za kukamilisha upimaji, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Ikikataa, inalazimika kukuandikia sababu.

Katika mikutano ya kujadili upimaji na mpango wa mtoto, mkalimani ni wajibu wa shule, bila malipo. Msimtumie mtoto. Mtoto anayetafsiri habari za tabia yake mwenyewe amewekwa mahali ambapo hata mtu mzima asingesema kweli yote. Na kama mkalimani wa simu anasema Kiswahili cha mbali ambacho mama aliyetoka Uvira kule Kongo hakifuati, simamisheni mkutano na mwombe mwingine. Kuuliza si ujinga, na kusema “sijaelewa” si kumvunjia mtu heshima.

Kuhusu chakula cha shuleni sitasema mengi. Shule nyingi zenye familia za kipato kidogo sasa hulisha watoto wote bure. Maine na California zimefanya hivyo kwa kila shule ya umma. Mahali pengine fomu ya kipato bado inahitajika, na wilaya nyingi hutumia taarifa hizo katika mambo mengine, basi ijazeni.

Mwisho, pendekezo langu kwa kikao hiki. Wilaya nyingi huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na bajeti hujadiliwa hadharani miezi kadhaa kabla. Mkutano wa bodi ni wazi, na mahali pengi mkazi yeyote hupewa dakika chache za kusema, awe raia au la. Tuombe mfanyakazi wa kudumu anayesema Kiswahili katika ofisi ya usajili. Tupeleke barua moja yenye saini za makanisa na misikiti yetu, tuseme tuna watoto wangapi na katika shule zipi. Nashauri kamati ya kuandika barua hiyo ichaguliwe leo kabla hatujatawanyika, wawemo akina mama, maana wao ndio wanaopokea simu za shule.