Talanta Moja Si Haba

Mchungaji, wazee wa kanisa, nanyi wageni mliopanda mlima kutoka Mwatate na Voi, karibuni Wundanyi.

Kila nikimwalika mtu kwayani hunijibu, "Mimi sauti sina, nina talanta moja tu." Basi tupige hesabu (mwalimu haachi chaki). Talanta ilikuwa kama dinari 6,000, na katika Mathayo 20 dinari moja ni ujira wa kibarua kutwa. Hiyo ni kazi ya miaka 20 hivi! Yule mtumwa wa Mathayo 25 hakupewa kidogo, aliogopa, akaifukia.

Musa naye alilalamikia ulimi mzito, Mungu akampa Haruni nduguye. Wewe unayehofia sauti yako, Haruni wako atasimama nawe mstari mmoja. Mazoezi yanaendelea, upande wa alto nafasi zipo.