Deni la Masomo na Kazi ya Meno: Maneno ya Binti wa Kikundi



Awali ya yote namshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Mmeniomba niseme juu ya kazi yangu ya udaktari wa meno. Nitasema ukweli, maana hapa ni nyumbani.

Wazee wetu walikuja nchini mwaka 1972, na makazi haya ya Mishamo yakafunguliwa 1978. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ni wa Mtanzania tu. Bila vyeti vya uraia vilivyoanza kutolewa mwaka 2014, nisingepata hata senti. Nauli ya Dar es Salaam mama aliikopa kwenye sanduku hili hili. Nikasoma miaka mitano, na mmoja wa mafunzo kwa vitendo.

Nilipoajiriwa mlisema, sasa mama yake kapumzika. Kumbe mshahara una wenyewe! Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi. Yaani kila shilingi 100,000, zinaondoka 15,000 kabla sijazishika. Kodi na pensheni bado. Niliona aibu. Mama akipiga simu, sipokei. Krismasi mbili sikuja. Wengine mlisema najivuna. Sikujivuna, mama zangu, sikuwa na kitu.

Na kazi yenyewe inachosha roho. Kiti kikiharibika na dawa ya kuziba ikiisha, unabaki kung'oa tu, hata jino ambalo lingepona. Siku moja akaletwa mtoto mchanga, fizi zimeoza, amechokolewa kutolewa "meno ya plastiki." Jamani, meno ya plastiki hayapo! Yale ni machonge ambayo hayajatoka. Mtoto akiwa na homa au akiharisha, mpelekeni zahanati. Usiku ule niliandika barua ya kuacha kazi.

Kabla sijaipeleka, mama akafika bila taarifa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Deni limebaki kiasi gani?" Sikujua. Akasema, "Kikundini kwetu anayedaiwa hafichi daftari." Tukakaa chini, tukaandika. Nikagundua deni lina mwisho: ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo ninacholipa sasa kinapunguza deni kweli. Nikalala usingizi. Barua nikaichana.

Siwadanganyi, uchovu bado upo. Lakini juzi mzee mmoja alirudi kuniambia amelala usiku kucha, baada ya wiki mbili za kukesha na jino. Hiyo haikatwi asilimia.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto akijaza fomu ya mkopo, mzazi naye aisome. Pili, akianza kazi, msimhesabie mshahara kabla ya makato. Muulizeni kinachobaki mkononi. Tatu, mtoto akinyamaza, msiseme kajivuna. Mfuateni, kama mama alivyonifuata.

Na mimi leo naanza kununua hisa, moja kila mwezi. Ni ndogo, lakini sitaficha daftari.