Maji ya Tangi Yapimwe kama Dhahabu



Wiki hii nazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la anasa, nalo ni tangi la kioo la kufugia samaki nyumbani. Wapo wenzetu katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita wanaopenda kuwa na tangi la aina hiyo sebuleni. Wapo pia wenye tamaa kubwa zaidi, wanaotaka tangi la maji ya bahari lenye matumbawe hai ndani yake, ilhali kutoka Shinyanga hadi pwani ni karibu kilomita elfu moja.

Je, jambo hilo linawezekana? Linawezekana. Tatizo lenyewe si umbali wa bahari bali ni udogo wa tangi. Bahari ni pana mno. Jua likiwaka, mvua ikinyesha, samaki akifa na kuoza, maji yake hayageuki kwa siku moja. Tangi la lita 100 halina uvumilivu huo, na kinachoshika nafasi ya upana wa bahari ni mkono wa mwenye tangi.

Tuanze na chumvi. Kila kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo lita 100 zina kama kilo tatu na nusu. Joto la kiangazi cha Shinyanga likikausha lita 10, chumvi haiondoki na mvuke. Yote inabaki katika lita 90, na maji yanakuwa makali karibu kama ya Bahari ya Shamu. Anayejazia maji ya chumvi anazidisha ukali huo. Anatakiwa ajazie maji baridi, tena kidogo kidogo kila siku. Ni vyema pia ikaeleweka kwamba chumvi ya mezani si chumvi ya bahari. Bahari ina kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na bikaboneti hiyo.

Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Matumbawe yanapokua, kila siku yanachota katika akiba hiyo. Katika tangi, kalsiamu inatakiwa ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Ikipungua, mwenye tangi hushtuka, akamimina dawa nyingi kwa mkupuo mmoja ili afidie, na kesho yake matumbawe yamesinyaa. Kiumbe wa majini huweza kuvumilia maji yasiyo bora sana, lakini ni vigumu avumilie maji yanayogeukageuka.

Sasa tuje kwenye uchafu. Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya mashavu yake, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao hukaa kwenye mchanga, kwenye mawe na kwenye sponji ya chujio. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Basi mtu anayenunua tangi Jumamosi na kulijaza samaki Jumapili anawatia samaki hao katika sumu yao wenyewe. Vivyo hivyo, anayemwaga maji yote na kusugua mawe kwa sabuni anawaua watumishi wake. Inatosha kubadilisha sehemu ndogo, kama moja ya kumi, kila wiki, na kuisuuza sponji katika maji yaliyotolewa ndani ya tangi.

Maji ya kujazia nayo yatoke wapi? Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama hutoka Ziwa Viktoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, na husafishwa kwa dawa. Klorini inayomlinda binadamu humdhuru samaki na bakteria wale, kwa hiyo maji hayo yaachwe kwenye ndoo wazi usiku na mchana kabla ya kutumiwa. Visima vingi vya Shinyanga vina madini mengi, floridi ikiwemo. Kwa tangi la matumbawe, yafaa kutumia maji yaliyoondolewa madini.

Ama maji ya vijito vilivyo karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, hayo yasiguswe kabisa. Zebaki inayotumika kunasia dhahabu haimwachi mtu aitambue majini kwa macho wala kwa harufu. Bakteria wa kwenye matope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayojilimbikiza katika mwili wa samaki na hatimaye katika mwili wa mlaji.

Sisi wa ukanda huu tunajua maana ya kipimo. Hakuna mnunuzi wa dhahabu Geita anayekadiria uzito kwa macho. Huweka mzani mezani. Mwenye tangi naye awe na vifaa vyake vya kupimia chumvi, amonia na kalsiamu, na awe na daftari la kuandikia. Maji maangavu yanaweza kuwa yamejaa amonia.

Wasikilizaji, pengine mtauliza tunapata faida gani kwa taabu yote hiyo. Nawajibu kwa kuwakumbusha furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Ziwa lilikuwa na aina zao zaidi ya 500. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka. Wataalamu hukadiria kiasi cha 200. Maji yenyewe pia yalipata ukungu. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba jike wa furu humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakififia rangi hazionekani, hivyo aina zinachanganyika na kupotea.

Hata hivyo, wapo furu ambao ziwani hawajaonekana kwa miaka mingi, lakini wanaishi na kuzaana katika matangi ya kioo Ulaya na Marekani. Wazazi wao walivuliwa huku kwetu na kupelekwa huko wakiwa hai. Wamesalimika kwa sababu kuna mtu anayepima maji yao na kubadilisha ndoo moja kila wiki, mwaka hata mwaka. Si haki elimu hiyo iwe ya ng'ambo peke yake, na ziwa ni letu.

Kwa hiyo, kabla ya kuota matumbawe, kijana wa Geita au Shinyanga aanze na tangi dogo la furu. Gharama yake ni ndogo, hahitaji chumvi, na aulize kwanza kwa ofisa uvuvi kuhusu kibali. Lakini akichoka nao, asiwamwage bwawani wala mtoni. Sangara hakuingia ziwani kwa miguu yake. Alimwagwa na watu.

Na anayetaka matumbawe, ayapate yale yaliyokuzwa katika matangi, si yaliyong'olewa mwambani. Mwamba huchukua miaka mingi kujijenga, na hapana tangi la sebuleni linaloweza kuurudisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Katika tangi, haba na haba hiyo ndiyo huyatuliza maji.

Kwaherini hadi wiki ijayo.